Mkoba wa Ngozi Nilioukosea

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Abuu Salumu Mchopa
Umri: Miaka 58
Kabila: Mmwera
Dini: Mwislamu
Kazi: Fundi viatu na mikoba, mtaalamu wa ngozi
Makazi: Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro
Tarehe na saa: 13 Mei 2025, kuanzia saa 9:20 alasiri
Anayeandika: WP Koplo Rahel
Kuhusu: Mkoba wa ngozi uliokutwa kwa Veronika Mkude, anayeshikiliwa kwa tuhuma za kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Koplo Rahel amenieleza kwamba nikisema uongo kwa kukusudia naweza kushtakiwa, nami nimemjibu kwamba uongo nilishausema jana bila kukusudia, leo nimekuja kuuondoa.

Nina kibanda cha kushona na kutengeneza vitu vya ngozi Mwembesongo. Nimekaa hapo miaka thelathini na moja. Afande ameniambia niache historia nianzie kwenye tukio, lakini bila historia hii tukio halieleweki, kwa hiyo naomba aiandike japo kwa mistari michache. Katika mji huu, mtu akiuziwa kiatu au mkanda akaambiwa ni ngozi halisi, huja kwangu kuhakikisha. Nakinusa, nakikunja, nakidondoshea tone la maji, halafu nasema. Mawakili huja, wahadhiri huja, hata mapadri wameshanitumia viatu. Nikisema ni ngozi, mtu analipa. Nikisema ni karatasi iliyopakwa plastiki, muuzaji anakunja turubai lake anahama mtaa. Nilikuwa nikijisifu kwamba sijawahi kukosea. Nilijisifu hivyo hadi jana mchana.

Mnamo tarehe 12 Mei 2025, siku ya Jumatatu, saa 8:20 mchana, nikiwa kibandani, alifika Bwana Mansuri, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Dakawa. Ni mteja wangu wa siku nyingi. Binti yake Shadia anaapishwa uwakili mwezi ujao, na tangu mfungo wa Ramadhani baba mtu anahangaika kumtafutia mkoba wa ngozi wa kwenda nao mahakamani. Ameshaniletea mitatu niitazame. Yote nilimwambia arudishe. Mmoja ulikuwa na nembo ya dhahabu kubwa kuliko aibu ya aliyeutengeneza.

Bwana Mansuri alikuwa amefuatana na msichana aliyevaa kitenge na kandambili, miguu ina udongo mwekundu wa milimani, amebeba tenga. Alinisalimia, "Shikamoo baba." Nikamwitikia marahaba bila kuinua macho, nilikuwa napiga msasa soli.

Bwana Mansuri akasema, "Fundi, huyu Veronika huwa namnunulia karoti kila Jumatatu. Leo ananiambia ana mkoba anauza. Mimi sijui kitu. Nipe neno moja tu, ninunue au nisinunue?"

Msichana alitoa kwenye tenga kitu kilichofungwa kwa khanga. Akakifungua juu ya meza yangu taratibu, pembe moja baada ya nyingine. Hapo niliacha msasa.

Naomba niueleze mkoba huo kama nilivyouona, kwa sababu ndicho kilichonileta. Ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, wa mfuniko, wenye bizimu mbili za shaba na kishikio kimoja cha juu. Niliunusa. Haukuwa na harufu ya dawa za kiwandani, ulinukia magome ya mti na nta ya nyuki. Niliubonyeza kwa dole gumba, ngozi ikakunjamana kidogo, ikarudi. Nilipitisha ukucha kwenye kingo zote, nikitafuta mahali ambapo mshonaji alichoka. Kila mshonaji huchoka mahali. Mimi huchoka kwenye kona ya tatu, wateja hawajui lakini mimi najua. Kwenye mkoba huu sikupata. Nilihesabu mishono kumi ndani ya upana wa vidole viwili, nikahesabu tena upande wa pili, kumi. Nikaugeuza chini, nako kumi. Mishono yote ililala upande mmoja, imezama kwenye ngozi sawasawa, imebana hata wembe hauingii.

Chini, kwenye kitako cha mkoba, kulikuwa na kovu refu la mwiba, alama ya ng'ombe aliyejikwaruza akiwa hai. Lilikuwa limekatwa na ukingo wa ngozi, limebaki nusu. Nilimwonyesha Bwana Mansuri nikamwambia, "Unaona? Plastiki haina makovu." Naomba kovu hilo likumbukwe, nitalirudia.

Nilidondosha tone la maji, likakaa juu kama limekaribishwa, halikuingia. Niliufungua na kuufunga mara nne au tano bila sababu yoyote, kwa kupenda tu mfuniko unavyoshuka. Chai yangu ilipoa. Nimeshika ngozi tangu nikiwa na miaka ishirini na saba, na jana nilijiona kama mtu ambaye siku zote amekuwa akila makombo, ndiyo kwanza anaona sahani. Nilitaka kulia, afande, na nusura nilie mbele ya mteja.

Kuna jambo moja la kitaalamu nililofanya. Ndani ya mfuniko kulikuwa na ncha ndogo ya uzi iliyobaki, urefu wa kucha. Niliikata kwa wembe nikaichoma nusu kwa kiberiti ili nijue ni uzi gani. Haikuyeyuka kama nailoni, iliungua ikaacha majivu. Nikasema, "Kitani. Uzi wa Ulaya." Nusu ya pili iliniponyoka ikaanguka.

Nikamwuliza msichana anauza kiasi gani. Akasema laki sita. Nikamwambia Bwana Mansuri, "Nunua. Wa namna hii pale Dar ukiukuta kwenye kioo cha duka utaulizwa milioni nne. Nunua kabla hajabadili mawazo."

Bwana Mansuri akafurahi, akatia mkono mfukoni. Kisha akaurudisha. Akamwuliza Veronika, "Umetoka wapi mkoba huu?"

Akajibu, "Nimeushona mwenyewe, baba."

Mimi nilicheka. Naomba iandikwe hivyo hivyo, kwamba shahidi alicheka. Nilimshika mkono nikaugeuza kiganja juu. Ulikuwa umepasuka, una udongo kwenye mistari, una sugu. Nikasema, "Binti, mikono hii ni ya jembe. Mkoba huu umeshonwa Italia. Usituone sisi watoto."

Akasema, "Nimeushona nyumbani. Mwulizeni babu yangu."

Nikamjibu maneno haya, na Bwana Mansuri ni shahidi: "Mimi nina miaka thelathini na moja kwenye ngozi. Kama mimi siwezi kushona hivi, nani milimani huko anaweza?"

Aliutazama mkoba, hakunitazama mimi.

Bwana Mansuri akabadilika uso. Alinivuta pembeni akasema hawezi kumpa mwanawe mkoba wa wizi akaingie nao mahakamani, mwenyewe atokee siku moja kortini humo humo aseme ni wake. Simlaumu, alifuata neno langu. Saa 9:05 alasiri akapiga simu, na saa 9:30 walifika askari wawili. Veronika hakukimbia wala hakupiga kelele. Walipouchukua mkoba alisema jambo moja tu: "Naomba msiuweke juani." Mimi nilidhani ni maringo.

Leo tarehe 13 Mei, saa 1:10 asubuhi, nilifungua kibanda. Nilipokuwa nafagia niliiona ile nusu ya uzi chini ya meza. Nikaiokota ili niitazame kwenye mwanga, na kwa mazoea ya fundi nikaitia mdomoni kuilowesha, kama tunavyofanya kabla ya kutunga sindano.

Afande ameniuliza ladha ya uzi inahusiana vipi na kesi. Inahusiana. Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Ngerengere. Mama yangu, marehemu Zuhura, alikuwa akianika nyuzi nje ya ile mashine ya kuchambulia mkonge tuliyoiita korona, kabla jina hilo halijachukuliwa na ugonjwa. Alirudi nyumbani nyuzi zimemganda kwenye nywele, khanga inanuka ule uchachu wa mkonge mbichi. Nilikuwa nikiokota nyuzi hizo nazitafuna nikimsubiri apike. Kwa hiyo uzi ulipogusa ulimi wangu leo asubuhi sikuhitaji kiberiti. Ulikuwa mkonge.

Nikakaa chini. Mkonge ninaoujua mimi ni wa kamba, magunia na mazulia ya kufutia miguu. Huu ulikuwa umechambuliwa unyuzi mmoja mmoja, ukasokotwa mwembamba, ukasuguliwa nta. Hakuna mtu wa Italia anayefanya hivyo. Nilikulia ndani ya mkonge nikashindwa kuutambua, kwa sababu sikutegemea kuukuta kwenye kitu kizuri. Nilipofikiri kwamba msichana amelala mahabusu kwa ajili ya hilo, niliona haya ambayo siwezi kuipima.

Saa 1:35 asubuhi nilikodi pikipiki kwenda juu, upande wa Mgeta, kwenye kijiji alichowatajia askari jana. Nilifika kijijini kwao saa 4:00 kasoro. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia kabichi kama anaijua nyumba ya Mkude. Akauliza, "Kwa Veronika wa mikoba?" Nikauliza wanamjua kwa mikoba? Akanishangaa. Mji mzima mambo ya ngozi naamua mimi, na mwenye kabichi anajua nisilolijua.

Nyumbani nilimkuta babu yake, Mzee Fransisko Mkude, mwenye miaka themanini na kitu, haoni tena. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akauliza, "Wewe ndiye fundi uliyecheka?" Kumbe habari zilishafika kwa simu. Nikasema ndimi. Akasema, "Ingia basi uendelee kucheka."

Chumba cha kazi cha Veronika ni cha udongo, kina dirisha moja. Kulikuwa na kibanio cha mbao cha kubana kati ya magoti, kitobolea kilichotengenezwa kwa spoku ya baiskeli, na sindano mbili. Hakuna kingine. Ukutani vilining'inia vishikio vya mkoba kumi na saba. Cha kwanza kilikuwa kibaya, kimepinda kama mkia wa mbwa, hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angekikataa. Cha pili kilikuwa afadhali kidogo. Nilitembea ukutani taratibu, kimoja kimoja, nikauona mkono wa mtu mmoja ukijifunza. Kwenye cha kumi na moja alinifikia mimi. Cha kumi na mbili alinipita. Vikabaki vitano vya mbele, navyo vyote alivikataa.

Nilimwuliza mzee kama ndiye aliyemfundisha. Akasema, "Mimi niliwashonea mabruda wa misheni matandiko ya punda. Nilimfundisha kushika sindano mbili, basi. Punda halalamiki mshono ukipinda. Huyu analalamika mwenyewe."

Nikamwuliza mjukuu wake anawezaje kushona kwa mkonge bila kukatika, maana mkonge mkavu ni mkaidi. Akasema, "Subiri."

Nilisubiri. Saa 5 na dakika kama kumi na tano ukungu ulishuka kutoka mlimani. Uliziba bustani za karoti, ukaziba njia, ukaingia dirishani mpaka nikaona pumzi yangu. Mzee akasema, "Hii ndiyo saa yake. Shika ngozi."

Nikashika kipande kilichokuwa kwenye kibanio. Kilikuwa kimelainika. Nikavuta uzi, ukafuata. Veronika hashoni jua likiwaka. Hungoja ukungu uloweshe ngozi na uzi kwa pamoja, anashona saa mbili au tatu, ukungu ukiondoka anaacha. Vinapokauka, uzi wa mkonge unajikaza ndani ya ngozi kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuukaza. Ndiyo maana wembe hauingii. Mkoba ule umechukua miezi minane, na siku ambazo ukungu haukuja hakushona hata tundu moja.

Afande, nilisimama pale nimeshika ngozi. Nimeishi chini ya milima hii maisha yangu yote. Ukungu ule nimeutazama kutoka kibandani kila masika, nikiona ni mvua tu inakaribia. Kumbe kuna mtu juu kule ameugeuza kuwa kifaa cha kazi, na dunia nzima haina duka linalouuza. Nilijaribu kushona. Nilishona upana wa kiganja. Mishono yangu nimekuja nayo mfukoni, afande ameiona, sina la kujitetea.

Kabla sijaondoka nilimwomba mzee mabaki ya ngozi iliyotumika. Alipapasa chini ya kitanda akanipa kipande kikubwa kilichokunjwa. Nilikikunjua mlangoni. Kwenye ukingo wake kulikuwa na kovu la mwiba, nusu.

Nilifika kituoni saa 8:40 mchana. Nikamwomba Koplo Rahel alete mkoba. Ulikuwa kwenye dirisha la ofisi, jua linaupiga. Niliomba kwanza uondolewe pale, ukaondolewa. Kisha tukauweka mezani kitako juu, na kipande cha ngozi kando yake, mbele ya Koplo Rahel na askari mwingine wa zamu. Kovu likakutana na kovu. Askari yule wa zamu alipitisha kidole juu yake toka mwanzo hadi mwisho.

Veronika aliletwa. Nilisimama, nikamwambia, "Binti yangu, nimetoka kwenu. Nisamehe. Nilicheka kwa sababu nilikuwa sijui kitu." Aliuliza, "Babu amekula?" Nikamwambia nimemwacha na uji. Ndipo akaushika mkoba, akaupapasa karibu na kishikio. Jua la dirishani lilikuwa limeuvuta mshono mmoja, uzi umekaza kupita kiasi na ngozi imeanza kujikunja. Mimi nisingeuona. Akasema, "Nikifika nyumbani utarudi. Kesho kutakuwa na ukungu." Sijui alikuwa ananiambia mimi au anauambia mkoba.

Namaliza na jambo la Bwana Mansuri. Saa 9:05 alasiri nilimpigia simu kutoka hapa kituoni nikamweleza yote. Kisha akaniuliza swali lile lile la jana, "Sasa fundi, ninunue au nisinunue?" Nikamwambia jana nililijibu vizuri na bado nikakosea, kwa sababu nilithamini mkoba nikasahau mwenyewe amesimama mbele yangu. Mkoba unastahili bei yoyote atakayotaja yeye. Kuhusu kununua, nilimwambia aje hapa kituoni amwombe radhi, halafu amwulize Veronika kama bado anauza kwetu.

Niliyoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu, niliyashika kwa mikono yangu, na makosa yaliyomo ni ya kinywa changu. Haya ndiyo maelezo yangu, sina zaidi.

Sahihi: A. S. Mchopa

MAELEZO YA AFISA

Mimi WP Koplo Rahel nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi kwa hiari yake, nikamsomea, akayakubali. Kipande cha ngozi chenye kovu kimelinganishwa na kielelezo na kuonekana ni ngozi moja. Mkuu wa zamu amearifiwa. Mtuhumiwa Veronika Mkude ameachiwa huru saa 10:25 jioni na kukabidhiwa mkoba wake. Ameupokea na kusaini.

Bwana Mansuri amefika kituoni saa 10:15 jioni na, baada ya Veronika Mkude kuachiwa, kuzungumza naye nje, chini ya ukuta, upande wenye kivuli. Yaliyozungumzwa si sehemu ya shauri hili.

Baada ya kusomewa, shahidi ameomba kwamba kwenye nafasi ya kazi, juu ya ukurasa wa kwanza, maneno "mtaalamu wa ngozi" yaondolewe. Nimeyakata kwa mstari mmoja, naye ametia sahihi pembeni.